Mabasi ya Mjomba, Ndege Wangu: Safari ya Lowestoft

Ijumaa

Lowestoft ni mji ulio mashariki kuliko miji yote ya Uingereza. Ukisimama pale Ness Point, mbele yako hakuna kitu ila Bahari ya Kaskazini mpaka Uholanzi. Wengi wakija pwani hii wanafuata mchanga, samaki na chipsi. Sisi tumefuata mabasi na ndege.

Mabasi ni ya mjomba. Ametoka Tanga kuja kutusalimia, na kabla hajaanza safari alishanitumia ujumbe wa sauti: "Mjomba, London usinihangaishe nayo, nimeshaiona kwenye televisheni. Wewe nitafutie mabasi." Amekaa uvunguni mwa Albion na Leyland tangu akiwa kijana wa kupokeza spana mpaka akawa fundi mkuu wa karakana. Ndege ni wangu mimi. Naishi Norwich, na kila nikipata mapumziko nachukua darubini naingia kwenye vinamasi vya huku. Nilipotafuta mahali patakapotupa raha sote wawili, jibu halikuwa mbali.

Treni ya kutoka Norwich inapita katikati ya tambarare ya majani mabichi iliyokatwakatwa na mifereji. Baada ya Reedham inavuka mto Yare juu ya daraja linalozunguka ili kupisha mashua. Vinu vya upepo vya zamani bado vimesimama kando ya mifereji, vingine havina mapanga tena. Mjomba alidhani ni vya kusagia unga. Vingi vilikuwa vya kusukuma maji, maana ardhi yote hii ingelikuwa ziwa kama mtu asingeitoa maji kila siku.

Tumefika bado kuna jua. Nimempeleka kwanza upande wa kaskazini mwa mji, ilipokuwa Eastern Coach Works, ambayo watu wa hapa huiita ECW tu. Kiwanda hiki kilijenga bodi za mabasi kwa miongo mingi mpaka kilipofungwa mwaka 1987. Chesi zilitengenezwa Bristol, upande wa pili wa nchi, na zililetwa huku zikiendeshwa zikiwa tupu: injini, magurudumu, usukani na dereva aliyejifunga makoti, hana kioo wala paa, mvua yake na baridi yake. Mjomba alisimama kidogo kuliwaza hilo. "Hao walikuwa wanaume," akasema. Pale sasa ni maduka.

Usiku umechelewa kuingia, ndiyo Juni ya huku. Mjini kati, juu ya madirisha ya majengo, wanataga kitiweki, shakwe wadogo ambao kwa kawaida hujenga kwenye majabali ya bahari. Wanakaa baharini majira yote ya baridi, halafu wanarudi kuja kulelea watoto kwenye ubao wa dirisha la duka. Kelele zao zinasikika mpaka chumbani kwetu.

Jumamosi

Siku ya mabasi. Mjomba alikuwa ameshavaa koti saa kumi na mbili asubuhi.

Makumbusho ya Usafiri ya East Anglia yako Carlton Colville, pembeni tu mwa Lowestoft. Yalianza na bodi ya tramu moja. Tramu za Lowestoft zilikufa mwaka 1931, na bodi ya tramu nambari 14 ikauzwa ikawa kibanda cha kupumzikia bustanini. Mwaka 1961 watu wachache wakaiokoa. Hawakuwa na fedha wala banda. Walikuwa na tramu bovu na nia. Baadaye wakapata kipande cha ardhi, wakatandika reli wenyewe, wakasimamisha nguzo, wakavuta nyaya, na mwaka 1972 wageni wakaanza kupokelewa. Mpaka leo kazi inafanywa na watu wa kujitolea. Uzuri wake ni kwamba unapanda: tramu, basi na trolibasi, vyote ndani ya uwanja mmoja, kwenye mtaa wenye mawe na taa za zamani.

Tulianza na trolibasi. Kwa msomaji ambaye hajawahi kuliona: ni basi la umeme lenye matairi ya mpira, linalovuta nguvu kutoka kwenye nyaya za juu kwa fimbo mbili ndefu zilizo paani. Tramu inahitaji waya mmoja tu, kwa sababu umeme unarudi kupitia reli. Tairi la mpira halipitishi umeme, kwa hiyo trolibasi linataka waya wa kwenda na waya wa kurudi. London iliwahi kuwa na mtandao mkubwa kuliko yote duniani wa mabasi haya, kisha ikayaondoa yote na kuweka ya dizeli. Usiku wa tarehe 8 Mei 1962 trolibasi la mwisho la London lilirudi gereji. Lilikuwa nambari 1521, na liko hapa. Nimeligusa ubavu.

Tulilopanda liliondoka bila sauti ya injini, mlio mdogo tu kutoka chini ya sakafu, kisha matairi. Mjomba alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Dereva alipofika mwisho wa njia alimwona anavyochungulia, akamwita ashuke amwonyeshe mwanzi mrefu unaokaa kwenye mrija chini ya basi. Fimbo ikiponyoka kwenye waya, konda anauchomoa ule mwanzi, anainasa fimbo kwa ndoano iliyo nchani na kuirudisha mahali pake. Mwanzi hasa, si chuma wala plastiki, kwa sababu ni mkavu, mwepesi na haupitishi umeme. Mjomba aliushika, akaupima uzito. Tanga mwanzi unajengea uzio.

Lakini moyo wake ulikuwa kwenye dizeli. Bandani kuna basi nambari 21 la manispaa ya Lowestoft, AEC Regent ya mwaka 1947, bodi ya ECW, yaani lilijengwa mji huu na likabeba watu wa mji huu. Na uwanjani mmiliki mmoja alikuwa amekuja na Lodekka yake nyekundu. Hapo ndipo tulipopotelea saa nzima.

Lodekka ni basi la ghorofa la chesi ya Bristol na bodi ya ECW, lililotengenezwa kuanzia miaka ya 1950 mpaka 1968. Tatizo lililolizaa ni madaraja. Basi la ghorofa la kawaida lilikuwa na kimo cha futi 14 na nusu, na madaraja mengi ya reli hayakulipitisha. Dawa ya kwanza ilikuwa kuiweka njia ya kupita abiria wa juu pembeni badala ya katikati, na kuichimbia chini ili kuokoa kimo. Matokeo yake abiria wa juu walikaa wanne kwenye benchi moja, na wa ndani akitaka kushuka wote wainuke. Na abiria wa chini, upande ule, akinyanyuka ghafla anagonga kichwa kwenye dari. Wahandisi wa Bristol walilitazama jambo kutokea chini. Waliusogeza pembeni mhimili unaopeleka nguvu nyuma, wakaishusha ekseli ya nyuma katikati, na sakafu nzima ya chini ikashuka. Njia ya juu ikarudi katikati, kimo kikabaki futi 13 na nusu hivi, na hakuna mtu anayegonga kichwa.

Mmiliki alipoona mjomba ameshapiga magoti kutazama uvunguni, naye akapiga magoti. Kiingereza cha mjomba ni cha karakana na kilitosha kabisa. Walionyeshana ile ekseli, wakagusa mhimili, wakabishana juu ya grisi. Kisha injini ikawashwa. Gardner ya silinda sita ikiwa imesimama inazunguka polepole mno, unaweza kuhesabu kila mpigo, na basi zima linatikisika nayo, mpaka vioo. Mjomba alifumba macho.

"Hii haina haraka," akaniambia. "Injini ya namna hii inakuzika wewe, huiziki."

Tukapanda juu, siti ya mbele kabisa. Dereva anakaa peke yake kwenye kijichumba nusu, kando ya injini, hana njia ya kusema na abiria. Anaongozwa na kengele ya konda. Mlio mmoja simama, miwili ondoka. Gia zake hazimsaidii dereva: anakanyaga klachi, anatoa gia, anaachia, anasubiri mzunguko wa injini ushuke, anakanyaga tena ndipo anaingiza. Akikosea, basi zima linamsikia. Yule bwana hakukosea. Kila alipobadili, mjomba alitikisa kichwa chini taratibu, kama mtu anayesikiliza kisomo kizuri.

Nilimuuliza mmiliki kazi ngumu ni ipi. Nilidhani atasema spea. Akasema ni kuliendesha mara kwa mara. Basi likikaa, mipira ya mafuta inakauka, breki zinagandia, maji yanalala kwenye mbao za bodi na kuzioza kutokea ndani, na siku utakayoliwasha utalikuta si lile. Linataka kutoka kila mara hata kama hakuna pa kwenda. Jibu hilo nimelala nalo.

Jioni, kwenye benchi la makumbusho, mjomba alinisimulia magari ya kwake: Albion za barabara ya Tanga kwenda Lushoto, kona za mlima, utingo akining'inia mlangoni na kigogo cha kuzuia tairi mkononi. Na Ikarus ndefu za Dar, zile zilizoungana katikati. Akauliza, si mimi hasa aliyekuwa akiniuliza: "Ziko wapi sasa?" Mimi nilizipanda nikiwa mdogo, na sijawahi kuona hata moja iliyotunzwa. Ziliuzwa chuma chakavu kwa kilo. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu historia ya watu wetu kwenda kazini, sokoni na hospitali ilipita ndani ya magari yale, na mafundi walioyahuisha bila spea bado wako hai na hakuna anayewauliza.

Jumapili

Leo zamu yangu. Carlton Marshes ni hifadhi ya Suffolk Wildlife Trust, takriban ekari 1,000 za majani ya malisho, mifereji na matete, na haiko mbali na makumbusho. Hapa ni ncha ya kusini ya Broads, yale maziwa ya Norfolk na Suffolk ambayo kila mtu aliamini ni ya asili mpaka miaka ya 1950, pale mtaalamu wa mimea Joyce Lambert alipotoboa matope yake na kukuta kingo zimesimama wima kama za shimo. Yalikuwa mashimo kweli. Watu wa zama za kati walichimba mboji ya kuwashia moto kwa karne kadhaa, bahari ikapanda, maji yakajaa, na leo tunaita hifadhi ya asili.

Mjomba hana subira na ndege. Nilimpa darubini, akaangalia ng'ombe. Kilichomkamata ni kereng'ende. Kando ya mfereji ulioota mimea yenye majani ya miiba alikuja mmoja mkubwa, mwili wa kahawia, macho ya kijani yaliyoiva, akawa anakwenda na kurudi juu ya maji palepale kama mlinzi. Alipotua juu ya tete nilimwonyesha mjomba ile alama ya pembetatu ya njano karibu na kiuno. Ni wa aina iliyokuwa Uingereza nzima inapatikana sehemu hizi za Broads tu kwa miaka mingi, kwa sababu inapenda mifereji yenye maji safi ya namna hii. Juu yetu kozi wawili waliwinda kereng'ende, wakiwala wakiwa hewani, mbawa zikidondoka.

Mama mmoja wa kujitolea alituita tutazame ukingoni mwa maji. Ilinichukua muda kumwona. Buibui wa kahawia iliyokolea, mistari miwili myeupe pembeni mwa mwili, miguu ya nyuma ameishika kwenye tete na ya mbele ameilaza juu ya maji. Anasikiliza. Mdudu akitikisa uso wa maji, yeye anajua upande na anakimbia juu ya maji kumfuata. Miguu ikinyooshwa anaweza kujaa kiganja.

Buibui huyu, ambaye ni miongoni mwa wakubwa kabisa wa nchi hii, alibaki sehemu tatu tu Uingereza nzima, na moja yake, kule Redgrave na Lopham Fen, ilikuwa inakauka. Mwanasayansi Helen Smith akachukua jukumu la kulea vitoto nyumbani kwake, jikoni. Kila kitoto ndani ya mrija wake wa kioo, maana wakiwekwa pamoja wanalana. Kila kimoja kinalishwa nzi wadogo kwa mkono. Maelfu. Walipokua kidogo wakaachiwa kwenye mifereji mipya, na vinamasi vya hapa Lowestoft vilikuwa miongoni mwa vya kwanza kupokea. Sasa wanazaliana wenyewe.

Nilipomfasiria mjomba habari hii alikaa kimya, kisha akauliza kama huyo mama alilipwa. Nikamwambia kazi kama hii hailipiki. "Ni yaleyale ya jana," akasema.

Hifadhi hii ilipanuliwa miaka ya karibuni kwa fedha za bahati nasibu ya taifa na michango ya watu. Walinunua ardhi iliyokuwa imekaushwa kwa kilimo, wakairudishia maji. Mashine zilizotumika kuchimba mifereji mipya ndizo zilizomvutia mjomba kuliko matokeo yake.

Jumatatu

Treni ya asubuhi kusini mpaka Darsham, kisha teksi mpaka Minsmere. Ukishuka tu kwenye kituo cha wageni, mbele yako kuna ukuta wa mchanga wenye matundu, na mbayuwayu wa mchangani wanaingia na kutoka bila kukoma. Hawa wametoka Afrika na watarudi Afrika. Mjomba aliwasalimia.

Kwa ndege, Minsmere ndiyo penyewe. Mwaka 1940, kwa kuogopa Wajerumani kushuka pwani, malisho ya hapa yalifurikishwa maji makusudi. Vita vilipokwisha, mwaka 1947, wakaonekana avoseti wakitaga: ndege mweupe mwenye mabaka meusi, miguu ya buluu, na mdomo mwembamba uliopindia juu. Walikuwa wametoweka Uingereza kama ndege wa kuzaliana kwa karibu miaka 100. Chama cha kulinda ndege, RSPB, kikapanga eneo mwaka huohuo, na baadaye kikamfanya avoseti nembo yake. Miaka ya 1960 msimamizi Bert Axell alichimba bwawa la kina kifupi lenye visiwa, ambalo wenyewe wanaliita Scrape, na kuanzia hapo ndege hawakukosa pa kutaga. Leo tumewaona wengi, na vifaranga vyao vimeshaota mdomo uliopinda, vinafyeka maji kulia na kushoto kama mama yao. Nyuma yao, mbali, kuba jeupe la kituo cha nyuklia cha Sizewell.

Mchana tulikaa kwenye kibanda cha kutazamia matete. Mwewe wa kinamasi walikuwa wanazunguka chini chini, mbawa zimeinuliwa. Mwaka 1971 kulibaki jozi moja tu ikizaliana nchi nzima, hapahapa, baada ya sumu za mashambani kuwamaliza. Mwaka 1997 ilikuwa zamu ya biteni, ndege wa ukoo wa yangeyange mwenye rangi ya tete kavu: madume 11 tu yalisikika yakinguruma Uingereza nzima. Sasa yamezidi 200.

Na hapa ndipo nilipotaka mjomba afike. Matete yakiachwa peke yake hayabaki matete. Majani yanakufa kila mwaka, yanalundikana, ardhi inapanda kidogo kidogo, maji yanakimbia, mierebi inaingia, na baada ya miaka kadhaa una msitu mkavu usio na samaki wala biteni. Kwa hiyo Minsmere wanayakata matete kila baridi kwa zamu, na sehemu nyingine walikwangua udongo kabisa kushusha ardhi ili maji yarudi. Biteni walirudi kwa sababu mtu alishika koleo. Ninaposikia watu wakisema hifadhi ni kuweka uzio na kuondoka, huwa natamani waje wakae kwenye kibanda hiki.

Mjomba alisikiliza mpaka mwisho. "Kumbe nalo linataka kuwashwa mara kwa mara."

Biteni mwenyewe alitoka saa tisa. Aliinuka kwenye matete, mbawa pana za kahawia, shingo ameikunja, akaruka mita chache juu ya maji, akazama tena upande wa pili. Mjomba alimwona kabla yangu. Na wakati tunaondoka kekeo akalia kutoka kwenye miti. Watafiti wa BTO, shirika la utafiti wa ndege la Uingereza, walianza kuwafungia kekeo wa Uingereza vifaa vya satelaiti mwaka 2011, wakagundua kuwa wanakwenda kupitisha majira ya baridi kwenye misitu ya Kongo. Kabla mwezi huu haujaisha wengi wao watakuwa wameshaondoka.

Jumanne

Tumerudi Norwich. Ndani ya treni mjomba hakuangalia dirishani hata kidogo. Alikuwa kwenye simu na mwenzake wa karakana, mzee mwenzake aliyehamia Muheza. Kulikuwa na bodi ya Albion iliyouzwa zamani, ikawekwa shambani kwa mtu. Mjomba alitaka kujua kama bado ipo. Mzee akasema ipo, ina kuku, paa zima, vioo hakuna, chesi imekatwa lakini nguzo za mbao za upande wa dereva bado zinashika.

"Nguzo zinashika?" mjomba akarudia, kwa sauti, behewa zima likageuka. "Basi nisikilize. Mwambie mwenyewe kuku atawajengea banda jingine, nitalilipia mimi. Na wakipita hao wa chuma chakavu, wasikubali bei yoyote mpaka nije."